Hakijafa, Kimezimia Tu

Mtu wa kwanza kunifundisha kupika wali alikuwa hajui kupika wali. Nasema hivi kwa mapenzi, na angekuwapo hapa angecheka mpaka ashike mbavu, kisha angenikana mbele ya watu wote.

Alikuwa somo wangu. Kwetu Unguja msichana akivunja ungo mama yake humtafutia mwanamke mwingine wa kumfunda, na tangu siku hiyo mama mwenyewe hujiweka kando. Kuoga, kuvaa, kusema na wakubwa, kukaa na mume, kuingia jikoni, yote hayo ni kazi ya somo, na mama akitia mkono huwa amemvunjia mwenzake heshima. Mama yangu, ambaye wali wake ulisifiwa mtaa mzima wa Kiponda, alinikabidhi kwa mwanamke huyu kwa sababu alikuwa na maneno mazuri, adabu na moyo mweupe. Habari za jikoni kwake hakuuliza. Nadhani hakuna mama aliyewahi kuuliza. Nani angefikiri kwamba mtu mzima, mke wa mtu, hajui kupika wali?

Jina lake silitaji, kwa kuwa hata mtaani hakuna aliyelitumia. Alikuwa amewafunda wasichana wengi, basi sote tulimwita Somo, na waume zetu wakamwita Somo, na muuza samaki akipita chini ya dirisha alimwita Somo vilevile. Alikotoka na watu wake nilisikia habari nyingi zisizopatana. Nimeziacha huko huko zilikokuwa. Mimi namkumbuka akiwa na mwiko mkononi.

Kila nyumba aliyoingia alikwenda jikoni kwanza. Hodi aliipiga mlangoni, salamu alizitoa akiwa njiani, buibui alilivua ukumbini, na kabla hujamaliza kumkaribisha alikuwa keshafunua kawa na kutazama kilichobaki. Huinama akanusa, akachota kidogo kwa ncha ya kidole, akaonja amefumba macho. Wenye nyumba tulisimama nyuma yake kama watu wanaomngoja daktari atoke chumbani.

Hukumu zake zilikuwa mbili. Chakula kikiwa kimechacha alisema, "Hiki kimekufa, kizikwe," na hapo hakuna wa kumbembeleza, hata kama ni nyama ya mbuzi mzima. Hakumlisha mtu kitu kilichoharibika. Lakini kikiwa kimeungua, kimetota, kimezidi chumvi, kimekauka au kimekosa ladha tu, uso wake ulifunguka.

"Hakijafa," husema. "Kimezimia tu."

Kisha huifunga kanga kiunoni, na hapo raha huanza.

Nilimwona akichukua samaki mkavu wa jana, aliyekuwa mgumu hata paka alimpitia mbali, akamchambua miiba, akamponda pamoja na mbatata, kitunguu, pilipili mbichi na ndimu, akafanya katlesi ambazo mwenye samaki mwenyewe aliziomba apelekewe. Nilimwona akiloweka mkate wa boflo wa siku nyingi ndani ya tui lenye sukari na iliki, akavunjia mayai, akatia moto chini na makaa juu ya kifuniko, na nyumba nzima ikanukia sikukuu. Wali mkavu aliusaga pamoja na mchele uliolowekwa, akautia hamira, na asubuhi tukala vitumbua. Mchuzi uliozidi chumvi aliukemea kwanza, kweli kabisa, aliuambia, "Huna haya weye," kisha akauongezea muhogo na tui mpaka ukatulia.

Kila alichokifufua alikipa jina, na jina lilikuwa la aliyekiharibu. Hiyo ndiyo kodi aliyotoza. Mtaani kwetu kulikuwa na Katlesi za Baba Mkwe, kwa sababu baba mkwe wa mtu fulani alijifanya anajua kukaanga samaki siku mkewe alipokuwa mgonjwa. Kulikuwa na Mkate wa Bibi Harusi. Kulikuwa na Badia za Mwalimu. Ulizikuta njiani zinapita kwenye sahani, zimefunikwa, na watoto wakizitaja kwa majina hayo kama majina ya vyakula vya kawaida, hali wenyewe wako madirishani wanajificha nyuso.

Neno kiporo alilihesabu kuwa tusi. Ukisema mbele yake, "Somo, kuna kiporo cha wali," alinyamaza kama hakusikia. Ilikupasa useme, "Kuna wali unakungoja." Watu wengine walidhani ni ubahili, na ubahili haukuwa hata karibu naye. Alikuwa mtu wa kukupa kanga aliyoivaa. Ila aliona uchungu, uchungu wa kweli, mtu anapokikatia tamaa chakula, na mwanamke aliyekaa jikoni analia kwa sababu ya sufuria alimtia huruma kuliko aliyefiwa. Aliyefiwa, alisema, watu watamjia. Aliyeunguza wali yuko peke yake.

Sasa nije kwenye mapishi yake mwenyewe.

Somo alikuwa hawezi kupika kitu kikawa kizuri mara ya kwanza. Sijui kwa nini. Labda ni kwa sababu alipenda mazungumzo, na jiko lake lilikuwa na dirisha. Huinjika sufuria juu ya seredani, akapuliza mkaa, akasema, "Nnakwenda kumsalimu jirani mara moja," na hiyo mara moja ilikuwa na mashairi, habari za ndoa, na habari za ndoa zilizovunjika. Au labda ni kipimo. Tui alilitia kwa jicho, na jicho lake lilikuwa karimu. "Tia," aliniambia siku alizokuwa akinifunda, "tia mpaka roho yako iridhike." Roho yake haikuridhika upesi. Wali wake ulitoka umelowana, umeshikamana, na mara nyingine chini umeungua na juu ni uji, jambo ambalo mpaka leo sijui hufanywaje.

Mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole mwenye miwani, na kibanda chake kilikuwa Darajani. Mchana alikuja nyumbani, akala vijiko vichache vya kile alichokikuta, akasema Alhamdulillahi na kurudi kazini. Jioni alirudi akaketi kwenye mkeka, na hapo alikula kama mtu aliyetoka safari, kwa kuwa jioni kile cha mchana kilikuwa kimekwishapita mikononi mwa Somo mara ya pili.

"Mie nina wake wawili," aliniambia siku moja, akinitazama kwa juu ya miwani. "Mmoja hunipikia mchana, mwengine usiku. Na wote wana sura moja."

"Na yupi umpendaye?" Somo aliuliza kutoka jikoni.

"Wa usiku, wallahi. Lakini wa mchana ndiye aniletaye huyo wa usiku, basi nafanyaje?"

Somo alicheka mpaka akaangusha upawa.

Alikuwa na kasoro nyingine iliyonishangaza miaka mingi kabla sijaielewa. Chakula kizuri kilimkosesha raha. Akialikwa harusini na biriani limetoka sawasawa, kila punje peke yake, alikula matonge machache, akasema, "Mashaallah, halina neno," kisha akaondoka kwenye sinia na kwenda kutafuta watu wa kuzungumza nao. Alisema hivyo kwa adabu zote, lakini kwa sauti ya mtu anayetoa pole.

Harusi moja tulikwenda pamoja Mangapwani, na huko alifurahi kuliko maharusi. Pilau lilipikwa kwenye sufuria kubwa uwanjani, na wapishi, mashemeji watupu wa bwana harusi, kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyetia maji. Walilitia maji mara mbili. Lilipofunuliwa, mpishi mkuu alivua kofia akakaa juu ya gogo, na mama wa bibi harusi akaanza kutetemeka midomo. Wageni walikuwa wamekwisha nawa mikono.

Somo alikuwa mgeni kama sisi. Alivua buibui akanipa nishike.

"Kuna samli?" aliuliza.

"Ipo," mama wa bibi harusi alisema.

"Na kuku?"

"Wapo wa mchuzi, wameshaiva."

"Wachambueni, mifupa itoke. Kitunguu kikaangwe kingi, kiwe chekundu. Nyie vijana wenye mikono, njooni hapa na miiko. Tunapiga bokoboko."

Akawapanga wale vijana kuizunguka sufuria, akawaamuru waanze kwa kuokota karafuu na vijiti vya mdalasini, kisha wapige, na wao wakapiga, naye akawaimbia ili wapige pamoja. Kuku wakaingia, wakapigwa nao mpaka nyama na mchele havikujulikana kipi ni kipi. Kilipopakuliwa kwenye masinia, kimelainishwa juu, samli ikielea na kitunguu chekundu kimenyunyizwa, wazee wa Mangapwani wasio na meno walitazamana kwa furaha isiyo kifani. Mzee mmoja alisema harusi zote alizokwenda maishani aliishia kunyonya mifupa, na hii ndiyo ya kwanza kumkumbuka. Mpishi mkuu akavaa kofia yake tena. Jina la chakula kile, Bokoboko la Mashemeji, lilitufuata mpaka mjini.

Lakini mambo yote hayo yalikuwa ya watu wengine. Siku ambayo sitaisahau ni ya kwangu.

Nilipoolewa, mume wangu alipata vyumba viwili vya chini katika nyumba ileile aliyokaa Somo. Sisi upande mmoja wa ukumbi, Somo na fundi saa upande wa pili, na ghorofani alikaa mama mmoja wa Kihindi, mjane, ambaye kwa dini yake hakula nyama wala samaki. Tulimwita Mama wa Juu. Vyumba vyetu vilikuwa vidogo na jiko lilikuwa kona ya ua, lakini nilikipenda kila kipande cha mahali pale. Mama mkwe hakupendezwa. Yeye alikuwa na nyumba kubwa Mkunazini, na alitaka mwanawe arudi huko na mke wake, tule chungu kimoja, chake.

Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache, na sikuwahi kumwona akicheka. Katika siku za fungate, tulipokuwa bado ndani tukiletewa chakula kutoka kwetu, alituma neno, na neno lenyewe lilikuwa wazi kabisa: Ijumaa ya kwanza baada ya fungate angekuja kula mkono wa mwari, chakula nilichopika mimi mwenyewe. Akiona naweza kumlisha mwanawe, tungekaa tulipo. Akiona siwezi, tungehamia Mkunazini na yeye angepika. Mume wangu hakuwa mtu wa kumbishia mama yake, wala mimi nisingemtaka awe hivyo. Kwa hiyo jiko langu, nyumba yangu, na kila nilichokuwa nimekiota tangu utoto vilikuwa ndani ya sufuria moja ya wali.

Nami wali nilifundishwa na Somo.

Asubuhi ile alikuja kunitia nguvu. Nikakuna nazi, nikakamua tui kwenye kifumbu, yeye amekaa kwenye kibao akinihimiza. "Tia. Ongeza. Usiogope tui, mwanangu, tui ni baraka." Nikatia mpaka roho zetu sote wawili zikaridhika. Nikainjika, na Mama wa Juu akachungulia kutoka roshanini kunitakia heri, na mazungumzo yakaanza.

Mchuzi wa nguru haukuwa na neno, kwa sababu mchuzi niliujua kwa kumtazama mama. Lakini nilipofunua wali, niliona ziwa. Mchele ulikuwa umevimba na kupasuka, umelala chini ya tui, na nilipotia mwiko ulisimama wenyewe.

Nilikaa chini kwenye sakafu ya ua nikalia. Sikulia kwa madaha. Nililia kwa sauti, kwa kuwa nilishajiona Mkunazini, nimesimama mlangoni mwa jiko la mwanamke mwingine, nikimpitishia chumvi mpaka nizeeke. Msikitini sala ilikuwa imeshaanza.

Somo alifunua sufuria akanusa. Akaonja, macho amefumba.

"Mwari wangu, inuka."

"Siinuki, Somo. Nshakwisha."

"Hakijafa. Kimezimia tu. Inuka unawe uso."

Alisimama katikati ya ua akamwita Mama wa Juu kwa sauti ya juu. "Mama! Leo umepika nini?"

"Choroko na chapati," Mama wa Juu alijibu.

"Zimelainika?"

"Sana."

Somo akanigeukia, na uso wake ulikuwa unang'aa. Alikimbia chumbani kwake akarudi na bakuli la shaba. Bakuli lile nililijua. Lilining'inia kwenye msumari peke yake, lilioshwa kwa majivu peke yake, na halikuwahi kuguswa na samaki wala nyama, kwa kuwa Mama wa Juu asingeweza kumimina chakula chake kwenye chombo chenye shombo, na Somo hakutaka jirani yake hata siku moja apate shaka ya kumpa kitu. Lilikuwa likipanda na kushuka ngazi miaka yote, likipanda na ndizi mbivu au sukari, likishuka na kile kilichopikwa juu. Siku ile lilipanda na ndizi, likashuka limejaa choroko.

"Sasa piga," Somo aliniambia.

Choroko ziliingia kwenye ule uji wangu juu ya moto mdogo. Nikapiga kwa mwiko huku nikipenga kamasi, naye akamimina tui zito kidogo lililokuwa limebaki, akatia chumvi, akaonja, akatia tena. Vipande vya nguru alivitoa kwenye mchuzi akavipitisha kwenye mafuta mpaka vikakauka kidogo nje, na mchuzi akautia embe mbichi. Watu walipoanza kutoka msikitini, mbele yangu palikuwa na mseto, laini, mzito, unanukia nazi, umesawazishwa kwenye sinia kwa mgongo wa upawa.

"Sikiliza," Somo alisema, akinifuta masizi shavuni. "Usijitangaze. Lakini ukiulizwa, sema. Chakula nakifufua, uwongo siufufui."

Mama mkwe aliingia, akavua viatu, akapokea shikamoo yangu kwa marahaba fupi, akaketi na mwanawe kwenye mkeka. Mimi nilikaa pembeni nimeinamisha kichwa, kama ipasavyo mwari. Somo alisimama mlangoni. Mama mkwe alimega tonge, akachovya, akala. Akamega jingine. Aliendelea kula mpaka upande wake wa sinia ukaanza kuonekana chini.

"Mwari," alisema.

"Naam, mama."

"Huu mseto uliukusudia?"

Nilimtazama Somo, naye alikuwa anatazama dari.

"La, mama. Nlikusudia wali wa nazi. Ukanishinda."

Mume wangu aliacha kutafuna.

"Na choroko umezipata wapi?"

"Za Mama wa Juu."

"Kazimimina wapi? Si chungu chako kina samaki?"

"Somo ana bakuli lake maalumu, mama. Halijaguswa."

Mama mkwe alinawa mkono taratibu katika bakuli la maji. Nilimwona anatazama jiko langu kwenye kona ya ua, seredani mpya, mbuzi ya nazi, kifumbu kinachochuruzika.

"Mie wali wangu wa kwanza uliungua," alisema. "Nliutupa uani, nikamwambia mama mkwe wangu kwamba paka kaupindua. Tukala mkate kwa chai. Yule paka alipigwa, maskini, na akaishi na sisi miaka mingi. Kila akinitazama nikiona haya."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Kisha nikaona mdomo wake unatetemeka pembeni, na kumbe ni yeye mwenyewe aliyekuwa anajizuia. Alicheka. Alicheka mpaka mtandio ukamwanguka, na mume wangu akanitazama kama mtu aliyeona muujiza.

"Kaeni hapa," alisema alipopata pumzi. "Siku kikiwa kizuri kila mtu hula. Mie nlikuwa na hofu ya siku kikiwa kibaya." Akausogeza mkono kwenye sinia tena. "Nitilieni kidogo pale penye ukoko."

Nilikwenda jikoni kuuchukua ule ukoko, na Somo alinifuata akanikumbatia kwa nguvu hata kanga yangu ikafunguka. Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba kuna chakula kipya kinaitwa Mseto wa Mwari. Kosa alilibandika kwangu. Sikuwahi kumwambia kwamba wali ule niliupika neno kwa neno kama alivyonifunda.

Wali niliujua baadaye, na kwa njia ya adabu. Mama yangu alikuja kunitembelea, akasema ana njaa, akaniomba aazime jiko langu. Akapika wali polepole mno, akinionyesha kila kipimo cha tui bila kusema neno, na mimi nimesimama karibu bila kuuliza. Hivyo hakumvunjia mtu heshima, na mimi nikajua kupika. Somo aliuonja wali wangu wa kwanza mzuri akasema, "Mashaallah, hauna neno." Kwa sauti ileile.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inaelekea ukingoni, fundi saa alifariki. Somo alikaa eda katika chumba chake, na alipomaliza, mpwa wake wa kike akaja kutoka Bububu akamchukua. Mpwa yule alikuwa mtu mwema, hodari wa usafi, hodari wa mapishi. Hakutaka shangazi yake ainue hata kikombe. Tulilia siku ya kuagana, na bakuli la shaba Somo aliniachia mimi, kwa sababu Mama wa Juu bado alikuwa juu.

Mara ya kwanza kwenda kumwona nilipika biriani kwa mikono yangu, na lilitoka hata mama yangu angelisifu. Nilipanda gari la Bububu nimelipakata. Nilimkuta ameketi barazani ndani ya kanga safi, mikono imelala mapajani. Mikono yake sikuwahi kuiona imelala. Alifunua kawa, akanusa, akala matonge machache.

"Mashaallah," alisema. "Halina neno."

Mpwa alipita na kikapu cha mboga, na Somo akajaribu kunyanyuka.

"Shangazi, keti tu," mpwa alisema kwa upole. "Kila kitu nshafanya."

Somo akaketi. Hakulalamika. Aliniuliza habari za mjini, na nilipomjibu niliona kwamba hasikilizi, anatazama moshi wa jikoni. Kwenye gari nikirudi nilitazama mashamba ya minazi yakipita. Mimi huyu, ambaye alinipigania nikapata jiko langu, nilikuwa nimemletea chakula kisichomhitaji.

Mara ya pili nilijiandaa vingine. Niliamka, nikakuna nazi, nikamwaga tui mpaka roho yangu iridhike, kisha nikaongeza la roho yake. Nikainjika sufuria, nikaenda dirishani. Nikamwita Mama wa Juu, tukazungumza habari za ndoa, na habari za ndoa zilizovunjika. Nilipofunua, nilicheka peke yangu. Ziwa lilikuwa lilelile.

Bububu nilimkuta barazani palepale. "Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwari wangu. Umenletea nini leo?"

Nilimwekea sufuria mbele yake. Alifunua. Alitazama kwa muda mrefu, akachota kwa ncha ya kidole, akafumba macho.

"Nani kapika?"

"Mie, Somo."

"Weye! Miaka yote hii, una watoto, na bado!" Alikuwa anakemea, lakini mgongo wake ulikuwa umeshanyooka. Alimwita mpwa kwa sauti ambayo nadhani nyumba ile haikuwahi kuisikia. "We binti! Choroko zipo?"

"Zipo za jana, shangazi, lakini wewe kaa, mimi nita—"

"Niletee. Na mwiko, na kibao cha kukalia. Hiki hakijafa."

Mpwa alinitazama, nikamfanyia ishara kwa macho, na Mungu amlipe kheri, alielewa. Akaweka kibao mbele ya seredani yake mwenyewe, akasogea pembeni. Somo aliifunga kanga kiunoni, akaingia jikoni. Alianza kupiga. Mikono ilikwenda polepole mwanzo, kisha ikakumbuka.

Katikati ya kazi alisimamisha mwiko bila kugeuka.

"Mwari."

"Naam, Somo."

"Hivi ulikusudia?"

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukiulizwa, sema.

"Nlikusudia, Somo."

Niliona mabega yake yanatikisika, nikaogopa analia, nikapiga hatua kumfuata. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka machozi yakaanguka, akayafuta kwa upindo wa kanga, na mpwa akacheka bila kujua anacheka nini.

"Na utakiitaje, shangazi?" mpwa aliuliza. Habari za majina alikuwa amezisikia. "Mseto wa Mwari?"

"La," Somo alisema. "Huyu hakuharibu kitu. Kapika vilevile nlivyomfunda." Akaonja, akafikiri. "Mseto wa Somo. Basi, nshakiri. Lete chumvi."

Gari la jioni lilipopiga honi barabarani bado alikuwa jikoni. Hakuja mlangoni kuniaga. Nilisikia sauti yake tu kutoka ndani, akimuuliza mpwa kama wali wa mchana umebaki, na mpwa akijibu kwamba umebaki, unamngoja.